Daftari la Ruhusa la Wifi Yangu

Wifi yangu ana daftari la jalada la kijani, la aina ile wanayonunuliwa watoto wa darasa la nne, na kwa muda wa miaka miwili sikuchukia kitu Garissa nzima kama nilivyolichukia daftari hilo. Si joto la mwezi wa pili, si vumbi, si mbuzi waliokula maboksi yangu mlangoni. Hasidi hana sababu, husema watu. Mimi nilikuwa nazo, tena nyingi.

Ya kwanza ni kwamba alitoka Eldas, huko kwa wafugaji wa ngamia. Kaka yangu alimwoa huko akamleta mjini, hajui hata kuvuka barabara ya sokoni bila kushikwa mkono. Mimi nilizaliwa mjini, nikasoma chuo Nairobi, nikarudi kufungua duka la uunsi, ule ubani wa sukari na marashi unaofukizwa kwenye chetezo mpaka nguo zinukie wiki nzima. Upishi wa uunsi huo ni wa mama yangu, na nilidhani utakuwa wangu peke yangu. Kumbe asubuhi zote nilizokuwa dukani, wifi alikuwa na mama jikoni.

"Amekaa, ameuliza, nimemwonyesha," mama aliniambia nilipolalamika. "Wewe uliniuliza lini mara ya mwisho?"

Mwaka haukuisha, wifi akafungua duka lake, milango mitatu kutoka langu.

Wateja wetu wazuri ni wageni: wauguzi, walimu, watu wa ofisi waliopangiwa kazi huku. Wanakuja wamenuna, wanazoea, wananunua uunsi, halafu wanahamishwa. Wakishafika Kisii au Nakuru, uunsi umewaishia na duka wamelisahau. Ndipo wifi akaja na daftari lake. Mteja akishafungiwa mzigo, anasogezewa daftari na kalamu. Siku moja nilijibanza nyuma ya vitambaa vya duka la jirani nikamsikiliza akimwambia muuguzi mmoja, kwa Kiswahili chake cha Eldas:

"Dada, ukihama, mimi naweza kukuandikia barua bebe ya uunsi?"

Muuguzi akasema haina shida.

"Usiseme haina shida. Sema ndiyo ama habana. Na mara ngabi kwa mwezi?"

"Ndiyo. Mara moja basi."

"Andika wewe mwenyewe, na mkono yako. Siku ukichoka niambie, mimi nitatoka. Sitakasirika."

Nilicheka mpaka nikajiziba mdomo kwa mtandio. Na hakuishia hapo. Baadaye alimwandikia kila mmoja barua pepe ya kwanza kumuuliza tena: ni wewe kweli uliyeniruhusu? Asiyejibu aliulizwa mara ya pili, na ya tatu, kisha jina lake likapigwa mstari kwa rula. Mtu na akili zake anafuta wateja! Nilimuuliza ana wazimu gani.

"Abaayo," akanijibu kwa Kisomali, maana huniita dada kwa heshima zote, na hilo pia lilinikera, "mlangoni kwa watu unatoa salamu mara tatu. Usipojibiwa, unarudi. Si ndivyo tulivyofundishwa?"

Ndivyo tulivyofundishwa. Mimi nilichapwa madrasani kwa kusahau adabu hiyo. Lakini sikuwahi kufikiri kwamba inahusu biashara.

"Kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza," nikamwambia, nikajiona nimemaliza maneno.

Kumbe nilikuwa sijaanza. Kila Alhamisi vifurushi vilipangwa mlangoni kwake vikingoja kupelekwa kwenye basi. Nilikuwa napita kwa kisingizio cha kununua maji ili nisome majina na miji juu yake. Kisii. Eldoret. Nakuru viwili. Kimoja kilikuwa cha yule muuguzi, ambaye kabla ya daftari alikuwa mteja wangu mimi, na niliwahi kumpa chetezo bure. Siku hiyo sikula chakula cha mchana. Nilimwonea wivu wa wazi.

Orodha, kwa kweli, mimi nilikuwa nayo, na kubwa kuliko yake mara nyingi. Tangu nimalize chuo nilikuwa kalamu ya ukoo. Mtu akiugua au akifa, mimi ndiye niliyewaandikia jamaa wote, kuanzia Hulugho hadi Minnesota, watoe qaaraan, mchango wa pesa wa ndugu wa damu ambao hakuna Msomali anayeupa kisogo. Anwani zao nilizikusanya misibani na hospitalini, mwaka baada ya mwaka. Walinipa ili wajue nani ameondoka. Basi Alhamisi moja, baada ya kusoma majina kwenye vifurushi, nilikaa chini nikawaandikia wote kwamba uunsi mpya umefika.

Programu niliyotumia huonyesha nani amefungua barua. Chai yangu haijapoa, karibu wote walikuwa wamefungua. Nilichungulia nje, nikamwona wifi anafagia mlango wake, nikamtabasamia kwa mara ya kwanza mwezi ule.

Kisha simu ikalia. Alikuwa adeer, kaka yake marehemu baba, aliyeko Minnesota.

"Nani?" akauliza.

"Nani nini, adeer?"

"Nani amekufa?"

Kwao ulikuwa usiku, na alikuwa ameegesha gari kando ya barabara, kwenye theluji. Barua alikuwa ameifungua, lakini macho yalikataa kusoma. "Jina lako likiingia kwenye simu yangu," akasema, "nasema inna lillahi kabla sijagusa kitu." Nilipomwambia ni uunsi, alisema alhamdulillahi na kukata. Kabla ya adhuhuri walinipigia wengine sita, na wote walikuwa na swali lile lile.

Mwenye akili angeacha hapo. Lakini wachache walikuwa wamenunua, nadhani kwa furaha ya kutofiwa, na mimi nilikuwa na wivu kuliko akili. Nikatuma tena Alhamisi iliyofuata, na iliyofuata. Simu za kuuliza zikakoma. Nikajiambia wamezoea.

Walikuwa wamezoea kweli. Katika Shaaban mama alianguka jikoni, kijiko cha sukari mkononi. Madaktari wakasema apelekwe Nairobi akapasuliwe, na upesi. Nilikaa kwenye benchi nje ya wodi nikaandika barua ya kweli: mama anaumwa, tusaidieni. Nikatuma, nikaanza kutazama idadi ya waliofungua. Watatu. Adhuhuri ikapita, alasiri ikaadhiniwa, bado watatu, na mmoja wao alikuwa mimi mwenyewe. Wengine walikuwa wamenizuia au wamenitupa kwenye takataka pamoja na uunsi wangu.

Niliingia wodini. Wifi alikuwa ameketi kando ya kitanda akimpepea mama kwa kipande cha boksi.

"Watumie watu wako," nikamwambia. "Wewe wanakufungulia."

"Abaayo, wale walinipa ruhusa ya uunsi. Mgonjwa wetu si uunsi."

Nilimwita moyo wa jiwe. Nilimwita mchunga ngamia. Mama alikuwa macho, na alisikia yote. Wifi aliniomba namba za simu za jamaa, akatoka, akasimama kwenye kivuli cha ukuta, akawapigia mmoja mmoja. Kila mara nilimsikia akianza vilevile: salamu, kisha, "Ni wakati mzuri? Naweza kusema?" Ndipo anasema. Alimaliza karibu na magharibi, sauti imemkauka. Adeer alilia kwenye simu, akauliza kwa nini hakuambiwa mapema, na wifi hakumtajia barua zangu hata kwa fumbo. Asubuhi mama alisafirishwa Nairobi. Alipoulizwa nani amsindikize, alimtaja wifi.

Nilipaswa kushukuru, na nilishukuru. Wivu nao ulibaki palepale.

Mama alirudi mzima, alhamdulillahi. Wazee wa ukoo walikutana nyumbani, wakanywa chai, wakaniita. Hawakunigombeza. Walisema tu kalamu imechoka, apewe mke wa kaka yako. Nilimpelekea wifi orodha yangu yote, kazi ya miaka, nikitumaini walau atasema ni kubwa. Alisema ataanza upya, amuulize kila mtu.

Ijumaa ikaingia barua yake kwangu. "Assalamu alaykum. Jamaa wamenipa kazi ya kuandika habari za ugonjwa na msiba. Je, unaniruhusu nikuandikie? Ndiyo au hapana." Hakuna abaayo, hakuna chochote, sawa na mtu wa Hulugho ambaye hajawahi kuniona. Mimi, niulizwe na msichana wa Eldas kama nataka kuwajua maiti wangu! Sikujibu. Jumapili ikaja ya pili, maneno yale yale. Mchana wake tulikutana mlangoni, akanisalimia vizuri, hakuitaja.

Mama, aliyekuwa ameanza kuota jua la asubuhi uani, aliniuliza, "Umemjibu?"

"Bado."

"Ya tatu inakuja," akasema, akafumba macho.

Ilikuja Jumanne, niko dukani. Milango mitatu mbele, wifi alikuwa ameinama akifunga vifurushi kwa kamba. Nilikuwa namjua sasa. Hakungekuwa na ya nne. Angelichukua daftari, aweke rula juu ya jina langu, apige mstari bila hasira yoyote, na siku mama atakapotangulia, habari ningeletewa na wapita njia wa sokoni.

Nikaandika: Ndiyo.

Jibu likaja papo hapo. "Shukran, abaayo. Siku ukichoka niambie, nitatoka. Sitakasirika."

Niliisoma mara mbili. Hata hiyo nilitamani ningekuwa nimeiandika mimi.