Gobore Lililotapika Kitambaa

Bado naiona asubuhi ile, mwanangu, hapa hapa nyuma ya nyumba yetu Ngoingwa. Hapakuwa na ghorofa wakati huo. Palikuwa na mahindi, na tumbili walioyala kutuzidi sisi tulioyapanda. Nilikuwa nimemaliza kidato cha nne, msichana mzima, na kunitoa nyumbani ilikuwa kazi. Mjomba Njoroge aliniita mlinzi wa sufuria. Hakukosea sana.

Mjomba alikuwa na gobore lake la leseni la kutishia tumbili, lile la kumiminiwa baruti mdomoni na kushindiliwa kwa fimbo. Akilisafisha siku hiyo, kitambaa kikakwama katikati ya mtutu. Akavuta, akalaani, akavuta tena. Fimbo ikatoka peke yake. Tumbili nao wakaendelea kumenya mahindi bila haraka.

"Nitapenyeza baruti kwa nyuma nikilipue kitoke," akasema.

Moyo ulinilipuka kwanza. Mtutu ulioziba ukifyatuliwa hupasuka, na uso wa mjomba ungekuwa pale pale.

"Ngai! Weka chini," mkewe, anti Wambui, akamwambia. "Sikukupendea akili, Njoroge. Usiniharibie na hiyo sura."

"Na nyinyi mmejua bunduki lini?"

"Bunduki sijui, mjomba," nikasema. "Lakini grisi naijua."

Faida ya kukaa mlangoni mwa jikoni ni kuona. Nilikuwa nimemwona mjomba akiitia trela yake grisi kwa bomba la mkono: mpya inaingia, ya zamani inasukumwa nje. Basi tukafungua ile skrubu ya nyuma ya mtutu, inayopitisha moto kwenda kwenye baruti. Mjomba aliapa hamna baruti ndani; tukamimina maji humo hata hivyo. Tukafunga pale kile kichwa cha trela cha kupokelea grisi, kikaingia kwa kubembelezwa. Mdomo wa gobore tukauelekeza kwenye rundo la samadi, sisi wote kando, nikaanza kupampu.

Mkono wa bomba la grisi ukawa mgumu. Mjomba akacheka. Nikapampu tu. Halafu, mwanangu, kitu kikachungulia: kitambaa, na grisi nyuma yake, nene, polepole, kama mutura, ule utumbo wa mbuzi uliojazwa nyama! Anti akapiga vigelegele vitano, vile vya kumpokea mtoto wa kiume.

Tukaosha mtutu kwa maji moto, ukakauka, mjomba akashindilia baruti tupu bila risasi, akafyatua. Mlio ule ulinyamazisha kwaya ya kanisa katikati ya ubeti, na tumbili wakavuka mto bila kuagana. Mimi nilitembea kijijini wiki nzima kama mke wa chifu.

Nakwambia hivi kwa sababu nyinyi kitu kikikwama, iwe kazi au ndoa, mnaongeza moto. Usiongeze. Hakikisha kwanza ndani hamna cha kulipuka. Kaa kando, usikisimamie mdomoni. Kisha tafuta njia ya nyuma usukume polepole, na wanaocheka uwaache wacheke.

Mungu akupe mikono isiyo na pupa, na mtu wa kukuambia "weka chini" kwa wakati. Na uso ulio nao leo, uzeeke nao mzima.