Bastola Isiyopiga Teke

Mkitaka kucheka, chekeni sasa, maana nikishaanza sitaki kukatizwa. Mambo haya yalinikuta mimi mwenyewe, hapa Ifakara, tena mchana kweupe. Nani aliwaambia kwamba viumbe vya ajabu vinasubiri giza?

Zilikuwa siku za Mdachi, na habari za Maji Maji zilikuwa zimeanza kuvuma bondeni. Nilikuwa mlinzi wa mizigo ya tajiri mmoja wa pembe za ndovu, nikitembea na wapagazi wake kwenda Kiberege na kurudi. Nilikuwa na bastola moja kuukuu yenye teke baya: ukifyatua, mkono unaruka juu, kiganja kinakufa ganzi, na risasi ya pili inakwenda kuwatafuta ndege. Nikaona niongeze nyingine, laini kidogo. Mke wangu, Mama Zena, akaniambia, "Baba Zena, hata hiyo moja hujaiweza." Nikamwambia akapepete mchele wake. Naona haya hata kulirudia neno hilo.

Kwenye kivuko cha mto Kilombero nikamkuta fundi wa bunduki ambaye sikuwahi kumwona. Mtu mzima, mpole, ametandika jamvi mchangani na bastola zake zimelala juu yake. Tukasalimiana kama watu wanavyosalimiana. Habari za safari? Nzuri. Nyumbani hawajambo? Hawajambo. Na mama watoto je? Hajambo, nikasema, na alipouliza anaitwa nani nikamtajia jina lake. Akalirudia polepole. Nani humnyima mtu habari za nyumbani kwake?

Nikazijaribu bastola zake kwa kulenga kichuguu. Ya kwanza ilikuwa nzito. Haikuruka sana, lakini ilinisukuma mpaka begani. Iliyofuata ilikuwa nyepesi, ikanipiga teke nikajiuma ulimi. Ndipo akanipa ndogo kuliko zote. Nikafyatua. Kichuguu kikapasuka, na mkono wangu haukutikisika hata kidogo, niaminini, kama niliyenyoosha kidole tu.

"Teke lake liko wapi?" nikauliza.

"Limekwenda nyumbani," akasema, akitabasamu.

Nikacheka, nikidhani ananitania. Tukapatana bei, nikaichukua.

Nilimkuta Mama Zena amekaa mkekani, bega la kulia limevimba. Baba yake, aliyekuwa amekuja kututembelea, alisimama mlangoni.

"Shikamoo, baba."

Hakuitikia. "Nani amempiga mwanangu?"

"Hakuna mtu, baba," Mama Zena akasema. "Nilikuwa napepeta, nikasikia pigo, nikaanguka. Sikuona mkono wa mtu."

Mzee akanitazama mimi. Jambo kama hilo likitokea, si mume ndiye anayetazamwa? Nikaapa kwamba sikuwapo.

Asubuhi iliyofuata nikaenda nyuma ya nyumba na ile bastola. Moyoni nilikwisha kujua, lakini nilitaka kuhakikisha. Sikilizeni vizuri hapo: nilitaka kuhakikisha. Nikafyatua, na kule ndani nikamsikia Mama Zena analia.

Ninyi mngeitupa, najua. Mimi niliifunga kwenye kitambaa, nikajiambia ni ya siku ya hatari tu.

Siku hiyo ikafika. Katika njia ya Kiberege walitutokea watu waliokunywa dawa ya maji, wanakuja vifua wazi, hawajifichi, kwa kuwa waliamini risasi zetu zitageuka maji. Wapagazi wakatupa mizigo wakakimbia. Bastola kuukuu ikaruka juu kama kawaida yake. Basi nikakifungua kitambaa. Niliona watu wanaanguka, wengine vijana wa vijiji nilivyokula chakula chao, na kiganjani sisikii kitu. Nilifyatua mpaka risasi zikaisha. Mnataka kuuliza kama nilimkumbuka mke wangu? Nilimkumbuka. Nikaendelea.

Nilimkuta hai. Mkono wake wa kulia ulikuwa unaning'inia, na mpaka leo haujanyanyuka.

"Baba Zena, ulikuwa unapiga risasi?"

"Ndiyo."

"Ulikuwa unajua?"

Akageukia ukutani.

Bastola niliitosa mtoni. Niliwauliza wavushaji habari za yule fundi, wakasema pale kivukoni hajawahi kukaa fundi yeyote. Mkwe wangu alikufa akiamini kwamba nilimpiga binti yake. Sikukanusha. Angekuwa amekosea wapi?

Mama Zena hakuniacha. Angeniacha, labda ningepumua. Tangu siku ile anayetwanga mpunga kwetu ni mimi, na wanaume wakipita wananicheka, mwanamume mzima na kinu. Kila nikipiga mchi, unanirudi kiganjani mpaka malengelenge yanapasuka, nami nataka unirudi. Yeye hukaa karibu na kunielekeza kwa mkono wa kushoto, nisivunje mchele.

Kwa hiyo wewe unayechagua silaha kwa ulaini wake, ukifyatua na mkono usikuume, kimbia nyumbani ukatazame ameumia nani. Na mgeni akikuuliza habari za nyumbani, sema hawajambo, kisha unyamaze. Mimi nilitaja jina.