Sufuria ya Mayai

Siku za kwanza baada ya mama kulazwa niliogopa mambo makubwa, yale wanayoyaogopa watu waliosoma: mishipa ya ubongo, presha, kiharusi cha pili. Kisha nikampaka mama mafuta miguuni. Kiganja changu kikazunguka kigimbi chake mpaka kidole gumba kikakutana na cha kati, na tangu hapo nikawa naogopa kigimbi.

Na huo ulikuwa mguu mzima, wa kushoto. Ule wa kulia, uliopooza, sikutaka hata kuupima. Ni miguu iliyokuwa ikipanda vilima vya Gorong'a na gunia la mahindi mgongoni, wakati mimi nyuma nimebeba daftari na kulalamikia jua. Sasa nyama yake ilikuwa laini, imening'inia kando ya mfupa kama nguo iliyoazimwa kwa mtu mnene.

Daktari alikuwa kijana, si mtu wa huku. Aliniamkia shikamoo, akanizeesha hapo hapo, kisha akachungulia kikombe nilichoshika.

"Hiki ni nini, mzee?"

"Uji wa mgonjwa."

"Ni maji na sukari. Mwili ukikosa chakula cha kujenga unajila wenyewe, na unaanza na misuli. Mama yako analala tu, hatembei, na hali. Akiendelea hivi, siku mkono na mguu vikitaka kuamka, havitakuwa na nyama ya kuamkia."

Nilitaka kujitetea. Kwetu mgonjwa hupewa uji mwepesi, na kila anayekuja kumwona huleta soda na mkate, huomba, na kusema amepata nafuu. Chini ya kitanda tulikuwa na soda za kutosha kufungulia kioski. Daktari hakuvutiwa. Alisema uji uwe mzito, mama alishwe akiwa ameketi wima, kijiko kidogo kidogo, na ndani yake tuweke maziwa, karanga, dagaa waliosagwa au mayai. Koo alikuwa amelipima kwa maji, lilikuwa bado linafanya kazi.

Katika orodha nzima mimi nilisikia mayai tu. Nina shahada mbili na sijui kupika kitu kingine.

Nilijua kwamba kwetu wanawake wa rika la mama hawali mayai, ni mwiko. Nilikuwa nimewahi hata kuandika makala juu ya jambo hilo, ndefu, yenye maneno kama "mabadiliko ya jamii", nikatangaza humo kwamba mwiko huo umekwisha kufa. Mama sikumuuliza. Na sasa hata ningemuuliza, kiharusi kilikuwa kimemwachia sauti moja tu, "mm", ambayo ilikuwa ndiyo, hapana, na amina.

Basi nikakoroga mayai mawili ndani ya uji, kwenye jiko la nje wanakopikia ndugu wa wagonjwa, nikaongeza sukari ili yasijulikane.

Kijiko cha kwanza alimeza. Cha pili kikakaa kinywani. Akanitazama, akauacha uji ushuke kidevuni, akachukua ncha ya khanga kwa mkono wake mzima na kujifuta ulimi.

Nikasema sawa, nimeelewa, mayai basi. Asubuhi nikamchemshia maziwa matupu. Akafumba mdomo. Mchana nikapika uji bila yai. Akafumba. Jioni nikaleta tena maziwa, nikambembeleza, nikapenyeza kijiko kati ya meno, na akakohoa. Alikohoa vibaya, uso ukawa wa kijivu, nami nikasimama pale na kijiko kama mtu aliyekutwa na panga.

Daktari alisikiliza kifua chake muda mrefu.

"Huenda koo limezidiwa," alisema. "Jana alimeza, leo hamezi. Kesho asubuhi tutapitisha mpira puani, tumlishe kwa huo."

"Huenda amekasirika," nilisema.

"Amekasirikia nini?"

"Mayai."

Alimtazama mama, kisha mimi, kama anayejiuliza ni yupi kati yetu alazwe. Nikamweleza. Akasema inawezekana. Lakini kama ni koo, na mimi nikaendelea kujaribu, uji utaingia kwenye mapafu, na hapo hatutazungumza tena habari za misuli.

Sikuwa na namna ya kujua. Ama mama alikuwa anakataa chakula changu, ama koo lilikuwa limefungwa, na ishara ya yote mawili ilikuwa mdomo uliofumbwa. Kila saa niliyosubiri ili nijue, ule mwili ulikuwa unajila. Kuna wakati nilifikiri: mpira ukipita puani, ulimi hauonji, mayai yatapita bila yeye kujua. Wazo hilo lilinipa nafuu kwa dakika nzima kabla sijamtazama mama usoni.

Asubuhi mama mdogo akaingia wodini, vumbi la Gorong'a bado liko miguuni. Ni mdogo wa mama, wamezaliwa tumbo moja na ubishi wao ni mmoja.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mura, kijana wangu. Mbona unakonda wewe, mgonjwa si yuko pale?"

"Tunakonda wote. Hali kitu. Wanataka kumwekea mpira."

Alimshika dada yake shavu, akaongea naye kwa Kikurya, kisha akafunua sufuria yangu, akaweka pua.

"Hii umepikia nini?"

"Maziwa."

"Kabla ya maziwa?"

"Mayai. Lakini niliosha."

"Aliosha," mama mdogo akamwambia dada yake, kwa Kiswahili sasa, ili wodi nzima ya wanawake ifaidi. "Msomi wako aliosha."

Mama mmoja aliyekuwa akimuuguza binti yake kitanda cha jirani akacheka mpaka akaomba radhi.

Hapo nikakumbuka kikaango. Nyumbani mayai ya baba na yetu sisi watoto yalipikwa kwenye kikaango cha peke yake, na kikaango hicho kilitundikwa nje, ukutani, hakikuingia kati ya vyombo vingine hata mvua inyeshe. Nilikiona utoto wangu wote. Nilidhani ndani hakukuwa na msumari.

"Kwa hiyo koo halijafungwa?" niliuliza.

"Mimi si daktari. Habari ya koo sijui. Hii sufuria ndiyo naijua."

Nilikimbia nje ya geti kununua sufuria mpya, kikombe kipya, kijiko kipya. Nilidhani yeye ndiye atakayepika, akakataa.

"Upike wewe. Nikipika mimi atakula kwangu, na mimi jioni narudi, ng'ombe hawana mtu wa kuwanywesha. Halafu utabaki naye vipi?"

Nikapeleka kila kitu kwanza kitandani. Nikamwonyesha mama sufuria tupu, juu na chini, kama mtu wa kiinimacho. Nikamwonyesha unga wa wimbi, maziwa, karanga zilizosagwa, na dagaa ambao mama mdogo aliwakaanga bila mafuta, akawatwanga na kuwachekecha mpaka wakawa vumbi. Mama alitazama kila kimoja bila kusema mm. Niliporudi na uji, daktari alikuwa amefika, na mpira uko mkononi, bado umo kwenye pakiti yake.

"Onja," mama mdogo alinisukuma. "Kwetu anayekaribisha huonja kwanza, ili mgeni ajue hakuna kitu ndani. Au hilo nalo ulishaliandikia kwamba limekufa?"

Nikaonja. Uji wenye dagaa na maziwa ni jambo la kujengea mwili, halikukusudiwa kupendwa. Nikakunja uso. Mama akatoa sauti, nami napenda kuamini kwamba alicheka, ila siwezi kuapa.

Tulimketisha wima kwa mito. Nikapeleka kijiko kidogo. Akafumbua mdomo, akaupokea uji, akakaa nao. Nilitazama koo lake kama nilivyotazama zamani majina ya waliofaulu kwenye ubao. Likapanda, likashuka. Nikangoja kikohozi.

"Mama, sema kitu," daktari alimwambia.

"Mm."

Daktari akainamisha sikio. "Sauti ni kavu, haina majimaji, uji umeshuka vizuri. Mpe kingine, polepole."

Akala nusu kikombe. Daktari akatia ile pakiti kwenye mfuko wa koti. Hakuirudisha stoo.

"Tutaona jioni," alisema. "Nusu kikombe haitoshi. Inabidi ale hivi mara nyingi kwa siku, kila siku, na mguu tuanze kuuchezesha."

"Akila hivyo, atasimama?"

"Ale kwanza."

"Lakini akila?"

Alikuwa anaangalia nusu iliyobaki. Nikajaza kijiko, nikakipeleka, na mama akageuza uso. Kisha akainua mkono wake mzima, mwembamba, akaninyooshea kidole mimi, mdomoni.

Nikaonja tena, nikameza mbele yake bila kukunja uso, nikajaza kijiko upya.