Mkanda wa Marehemu

Mama Sindano hakupenda kufundishwa. Alikuwa fundi cherehani kwa miaka arobaini, na vipimo vya mtaa mzima alivishika kichwani, maana yeye na kalamu hawakuwahi kupatana. Mteja akilalamika suruali inambana, alimjibu, "Suruali haibani. Wewe ndiye uliyenenepa." Na mtu akaondoka ameamini.

Alichojivunia kuliko vyote ni mkanda wa ngiri. Marehemu mumewe aliishi na ngiri miaka kumi na moja, uvimbe ukimshuka mpaka kwenye pumbu. Mkewe akamshonea mkanda wa kitambaa kigumu, akawa anajifunga, analala chali, uvimbe unarudi. Tangu hapo, maumivu yoyote ya mwanamume huko chini, Mama Sindano aliyahukumu kabla hayajajieleza.

Asubuhi moja mwanawe, kijana wa miaka kumi na tisa, fundi wa kupaka rangi ambaye wenzake walimwita Brashi, alitoka chumbani amejikunja kama msumari uliopigwa vibaya. Akatapika pale pale mlangoni.

"Mama, naumwa."

"Wapi?"

Akatazama sakafu. "Huko. Upande mmoja. Nilikuwa nimelala tu, yakanishtua."

"Ngiri ya baba yako hiyo."

"Nipeleke hospitali, mama."

"Ukavuliwe nguo mbele za watu kwa kitu ninachokijua? Lala chali."

Akatoa mkanda wa marehemu sandukuni, akaupunguza kwa pini mbili, akampa. Kisha akarudi kwenye mapazia ya watu. Kila mwanawe alipoguna, alikanyaga cherehani kwa nguvu zaidi, asisikie.

Adhuhuri, jirani yake muuza mkaa alichungulia. "Mama Sindano, mwanao analia huko ndani."

"Anajikaza. Wewe uza mkaa wako."

Jioni kijana akanyamaza. Mama akajipongeza, mkanda umefanya kazi. Kumbe kilichonyamaza kilikuwa kinakufa. Kulipokucha, pumbu lilikuwa limevimba na kuiva wekundu, na muuza mkaa hakuomba ruhusa ya mtu. Alimwaga mkaa wake uani, akampakia kijana kwenye mkokoteni, akasukuma mpaka hospitali. Mama akafuata nyuma.

Daktari alikuwa binti mdogo, wa kuweza kuwa mjukuu wake.

"Mama, maumivu ya huko yana sababu nyingi. Ngiri ni moja. Kuna maambukizi, kuna kuumia, hata jiwe la figo huuma mpaka huko. Lakini yakija ghafla, upande mmoja, na kutapika, tunahofia korodani imejisokota. Mshipa wa damu unajinyonga kama uzi."

Uzi Mama Sindano aliujua. Ukijisokota, huuvuti; unasimamisha cherehani papo hapo.

"Yalianza lini?"

"Jana asubuhi."

Binti alishusha macho. "Tungempata ndani ya masaa kama sita, huenda tungeiokoa. Sasa hiyo tutaitoa. Nyingine tutaishona mahali pake, isije nayo ikajisokota. Atazaa, mama, usihofu."

Brashi alipona. Hakumlaumu mama yake hata neno, heri angemtukana. Alihamia chumba cha kupanga karibu na kazini, akawa anakuja Jumamosi. Shikamoo, marahaba, chai, kwaheri. Samahani ilimkaa mama kooni kama mfupa wa samaki, haishuki wala haitoki. Mkanda aliuchoma kwenye jiko, na haukusaidia kitu.

Jumamosi moja, mteja alileta kaptula za shule zipunguzwe.

"Una wavulana wangapi?" Mama Sindano alimuuliza.

"Wawili."

"Basi nisikilize. Mmoja akikwambia maumivu yamemjia huko chini, ghafla, usimtibu wewe. Usingoje yapoe. Kimbia naye hata kama umevaa kanga moja. Na waambie leo, wasikuonee haya. Mimi mwanangu aliniambia, na alisema hospitali kwa kinywa chake. Nikamfunga mkanda nikashona mapazia. Si ngiri iliyomponza. Ni mimi."

Mteja alikuwa anatazama mlangoni. Mama akageuka. Brashi alikuwa amesimama pale, rangi nyeupe imemkauka vidoleni.

Mteja akaaga upesi.

"Mama," Brashi alisema, "shati langu limefumuka kwapani. Linanibana."

Jibu lake la siku zote lilimfikia mdomoni. Akalimeza.

"Lete, baba," alisema. "Lete nililegeze."