Nilivyoisaka Kadi ya Dhahabu ya Ndege

Niliwahi kupanda ndege kwenda mji ambao sikuwa na shida nao hata kidogo.

Nikashuka. Nikakaa dakika arobaini kwenye kiti cha chuma. Nikapanda ndege ileile kurudi nilikotoka.

Mhudumu aliponiona tena mlangoni akashtuka.

"Kaka, umesahau kitu?"

"Hapana, dada. Narudi nyumbani."

"Si ndiyo kwanza umefika?"

Nikacheka kizembe, nikaenda kukaa. Alinitazama kama mtu anayetazama chizi. Na kweli, siku zile nilikuwa chizi kiasi.

Ngoja niwaeleze nilifikaje hapo.

Mimi ni fundi wa lifti. Kampuni yetu inahudumia majengo ya miji mingi. Lifti ikikwama na watu ndani, napandishwa ndege na begi langu la spana.

Miaka miwili kabla ya siku ile, mama yetu alifariki ghafla. Nilikata tiketi ya kwenda kwetu kwa wazazi, nikawahi uwanjani, nikapanga foleni kama watu wote. Kufika dirishani, kijana wa pale ananiambia ndege imejaa.

"Imejaaje na tiketi yangu hii hapa?"

"Samahani kaka, tiketi zimeuzwa nyingi kuliko viti. Utaondoka kesho."

Nilipiga magoti pale, mtu mzima na ndevu zangu. Haikusaidia kitu.

Mama akazikwa bila mimi.

Dada yangu mkubwa hakunielewa. Tunaishi jiji moja, yeye ni fundi cherehani, na siku ile alikuwa ametangulia na ndege ya asubuhi.

"Lifti za watu zimekushinda kuziacha hata siku ya mama?" aliniambia mbele ya ndugu wote.

Nikamjibu vibaya. Naye akanijibu vibaya zaidi. Tukanuniana jumla. Simu hakuna, salamu hakuna. Tukawa tunapata habari zetu kupitia kwa shangazi.

Sasa, yule kijana wa dirishani alikuwa ameninong'oneza neno moja siku ile: "Ungekuwa na kadi ya dhahabu, kaka, usingeachwa."

Neno hilo lilinikaa kichwani kama msumari.

Kadi ya dhahabu anapewa mteja anayesafiri sana. Unakusanya pointi kwa kila safari, na mwaka ukiisha hujafikisha, unaanza upya. Baba alikuwa amebaki peke yake na presha yake, na mimi nikaapa: siku nikiitwa kwa ajili yake, hakuna atakayeniacha.

Nikaanza kugombea safari kazini. Mwenzangu akipangiwa mji wa mbali, namwomba nimpokee. Nikazunguka angani mpaka mwanangu wa mwisho akawa ananiamkia kama mgeni.

Desemba ikafika, imebaki safari moja, na kazini hakuna lifti hata moja iliyoharibika. Ndipo nikajikatia mwenyewe ile tiketi ya kwenda na kurudi.

"Baba watoto," mke wangu aliniuliza, "wiki iliyopita ulikuwa na siku tatu za mapumziko. Kwa nini hukwenda kumwona baba yako?"

"Njia ile pointi zake ni chache."

Akaendelea kukunja nguo. 

Kadi ikaja. Nikawa napita foleni fupi. Nikawa nakaa kwenye sofa laini na chai ya bure huku wenzangu wamebanana nje. Sitawadanganya, nilijiona nimetoboa.

Halafu asubuhi moja shangazi akapiga simu.

"Mwanangu, baba yako amebadilika. Njoo leo. Usiseme kesho, njoo leo."

Nilikimbia uwanjani na nguo za kazi, grisi mikononi. Ndege ya siku ile ilikuwa moja tu.

"Imejaa pomoni," dada wa dirishani akasema bila kuinua macho.

Nikaiweka kadi juu ya kaunta.

Akainua macho.

"Subiri kidogo, mheshimiwa."

Akapiga simu ya ndani, akaongea kwa sauti ya chini. Dakika kumi hazikupita, nina kiti mkononi. Kumi na nne C.

Nilipofika mlango wa kuingilia ndegeni, pembeni kulikuwa na mwanamke analia. Alikuwa amezungukwa na wafanyakazi wawili, sura yake sikuiona. Maneno yake sikuyashika, tangazo lilikuwa linanguruma juu ya vichwa vyetu. Nilichosikia ni kile kilio cha mtu aliyeishiwa.

Ndugu zangu, nilijua. Nilijua kabisa kiti changu kimetoka wapi.

Nikakaza shingo, nikapita.

Nilimkuta baba yu hai. Amelala kitandani kwake, amekuwa mwepesi kama nguo iliyoanikwa. Akanishika mkono.

"Umekuja," alisema. "Dada yako yuko wapi?"

Nikamgeukia shangazi.

"Si mmekuja wote?" shangazi akashangaa. "Aliniambia amekata tiketi tangu jana, ndege hiyohiyo ya leo."

 Ndege ile haikuwa kubwa. Ningemwona.

"Yuko njiani, baba," nikasema.

Aliniuliza mara tatu. Kila akiuliza, macho yanakwenda mlangoni. Saa kumi na moja jioni akakata roho akiangalia huko.

Dada alifika kesho yake, macho yamevimba. Alijitupa kwa shangazi, akawa anasema huku anakosa pumzi:

"Walinitoa, shangazi! Nimeshapewa kiti, nimeshapanga mstari, wananiambia kuna mteja wa dhahabu kaja, mimi nisubiri kesho. Niliwaambia baba yangu anakufa. Niliwaambia!"

Wanawake wakamkalisha kwenye mkeka. Mimi nilikuwa nimesimama na jagi la maji.

Ningeweza kunyamaza. Hakuna ambaye angejua.

Nikachuchumaa mbele yake. Yalikuwa maneno yangu ya kwanza kwake kwa zaidi ya miaka miwili.

"Dada, mteja huyo ni mimi."

Akainua uso.

"Ulinisikia nikilia?"

"Nilisikia mwanamke analia."

"Ukageuka?"

"Hapana."

Hakunipiga. Hakunitukana. Alivuta khanga yake akajifunika uso, na tukazika siku ile hatujasemezana tena.

Mwaka umepita. Juzi shirika la ndege limenitumia ujumbe: nimebakiza safari mbili tu niendelee kuwa na dhahabu. Sijaenda, na siendi. Siku zangu za mapumziko nazipeleka kwenye chumba cha cherehani cha dada yangu. Nampigia pasi nguo za wateja, nafunga mafurushi. Ananiambia "weka pale," au "hiyo bado." Zaidi ya hapo hatujafika. Nami sidai zaidi.

Mtu akiniuliza kama kadi hizi zina faida, namwambia ukweli: zinafanya kazi. Mimi nilimwahi baba kwa sababu ya kadi hiyo. Ila viti vya ndege haviongezeki. Ukipewa kimoja wakati vimejaa, yupo aliyenyanyuliwa.

Na kama una wazazi walio hai, usikusanye safari za kuja kuwawahi wakifa. Nenda sasa hivi, kwa foleni ndefu hiyohiyo, ukawasalimie wakiwa wazima.