Picha ya Arusi Bila Sauti

Jumamosi nilipeleka redio yangu kwa fundi mmoja hapa Kasongo, nikamkuta na mume na mke waliotoka Kabambare kwa pikipiki. Binti yao aliolewa Kinshasa, nao hawakuweza kufika, kwa hiyo akawatumia video kwenye flashi. Fundi alikuwa ameunganisha televisheni na kompyuta ndogo, si kubwa kuliko kipande cha sabuni.

Picha ilitokea. Binti, amevaa gauni jeupe, alisema maneno marefu, kisha akajifuta macho. Sauti haikuwepo.

"Anasema nini?" mama aliuliza, pua ikikaribia kugusa kioo.

"Sauti inabakia mu kompyuta, haiendi ku televizyo," fundi alijibu. "Muningoje kidogo, mama."

Nje dereva wa pikipiki alipiga honi, maana mvua ilikuwa inakuja. Mzee alisimama, akaketi, akasimama tena. Fundi akafungua mipangilio ya sauti, akachagua televisheni, akarudisha video mwanzo. Sauti ya binti ikajaa chumbani.

"Mama, niko muzima. Kila siku ninawaza nyumba yetu."

"Na sisi tuko wazima, mwanangu," mama akajibu. "Tunakuwaza."

"Hakusikii," mzee akamwambia.

"Hata mimi sikumusikia pale mwanzo, na alikuwa anasema tu."

Honi ikalia tena. Mzee akatazama mlango, kisha akavuta kiti karibu na mkewe. Bwana arusi alipotokea kwenye kioo, mzee naye akamsalimia kwa heshima zote. Mkwe hakuitika, basi nikaitika mimi.