Mtani Aliyevaa Shati la Issa

Msipotaka kuamini, shauri yenu. Mimi sikujengwa na maneno ya watu. Niliishia darasa la nne, nikaanza kwa kutembeza pweza mitaa ya Chikongola, leo nina nyumba Chuno na ghala la korosho. Mtu kama mimi haoti mchana. Nilichokiona nilikiona kwa macho haya, na jua lilikuwa halijazama.

Mpwa wangu Issa alianguka shambani akipulizia salfa mikorosho. Alianguka, akafa, basi. Hakuugua hata mafua. Dada yake Somoe, mtoto wa kidato cha tatu, akaacha kula. Wanawake wakambembeleza kwa uji, kwa dua, kwa ukali, wapi! Nikawatoa wote chumbani, nikaketi naye sakafuni. Mimi nikitaka neno huwa nalipata.

"Mjomba," akaninong'oneza, "asubuhi ile alivaa raba zangu kwenda shamba. Nikamwambia, nenda ukafe huko."

Nikamwambia maneno hayaui. Yangekuwa yanaua, mimi na mama yako tungeshazikana zamani. Hakucheka. Niaminini, mimi nisiyeogopa kitu, niliogopa. Niliona nitazika wawili.

Sasa, shemeji yangu, baba yao, alikuwa amewazuia watani wasije msibani. Eti mambo ya kizamani. Jamani, msiba gani usio na mtani wa kumwigiza marehemu na kuwachokoza wafiwa mpaka wacheke? Nikasimama mbele ya watu: "Kwetu mjomba ndiye mwenye watoto. Watani waje!" Shemeji akainuka, akaenda zake.

Kabla sijatuma mtu kuwaita, mwanamke mmoja akaingia uani. Mrefu, hakuna aliyemjua. Kavaa shati la Issa, shati nililolifungia sandukuni mwenyewe na ufunguo uko mfukoni mwangu! Anaburuta mguu wa kushoto, vilevile kama Issa alivyokuwa akiburuta. Watu wakaangua kicheko: "Mtani huyu kiboko!" Akaenda moja kwa moja kwa Somoe.

"We Somoe mchoyo! Raba zenyewe zinabana, zimenitoa malengelenge. Halafu unajisifu umeniua? Wewe? Kuku wa Idi tu alikushinda kumchinja, akakimbia na kamba yake!"

Nani alimwambia habari ya raba? Mimi sikusema. Somoe hakusema. Na sauti ile ilikuwa ya nani? Nywele zilinisimama. Lakini mtoto alicheka! Akacheka, kisha kikamtoka kilio alichokuwa amekibana siku zote.

"Kaka, nisamehe."

"Kula ugali, mjinga wewe. Huku sipokei wageni."

Somoe akala. Alikula mpaka mama yake akapiga vigelegele, msibani hapohapo.

Nikatoka na jogoo wa kumtunza mtani, maana mimi si bahili. Mtani hayupo; barabara nyeupe, kulia na kushoto. Sandukuni shati lipo, limekunjwa, linanuka salfa mbichi. Watani wetu wakaapa hakuna wao aliyefika.

Leo Somoe anasomea uuguzi, na ana maneno kuliko redio. Waulize watu wa Chuno nani alimwokoa. Watanitaja mimi, nami sikatai.

Ila wewe unayesoma, kijana wako akifiwa usimwambie anyamaze. Kaa naye chini mpaka akwambie neno la mwisho alilomwambia marehemu. Na mtani akibisha hodi msibani, mfungulie. Usiyemjua ndiye umfungulie upesi zaidi.